Sekunde Kumi

Kompyuta yetu ilitoka mnadani, ofisi ya tumbaku ilipofunga milango:
kasha jeusi, feni inayokoroma,
kibandiko cha mali, namba mia na nne, hakijabanduka mpaka leo.
Ndani yake Windows, na pembeni mwa kioo, chini kulia,
maandishi ya kijivu yakinidai niihalalishe,
kama mwenye nyumba apitaye dirishani asiseme neno,
akohoe tu.

Nguo ya kuazima haisitiri matako. Nilijua.
Lakini kazi ilikuwa ikienda:
mitihani ya Mwalimu Mhoja,
hesabu za asali ya Sikonge, debe kwa debe,
barua za kuomba kazi, za kuomba likizo, moja ya kuomba radhi.
Printa iliitika upesi kama mtoto aliyeahidiwa soda.

Shida ni tabia.
Saa tatu usiku, bando limebaki kiduchu,
hiyo inajishushia masasisho bila hodi;
umeme nao ukatike kwenye asilimia themanini,
asubuhi uso wa bluu, macho makavu,
na mimi nina karatasi arobaini kabla ya kengele.
Halafu zile flashi za wateja!
Kila moja imekuja na ugonjwa wake:
ukibonyeza "Harusi ya Tunu" unakutana na giza.

Ndipo Malongo, kitinda mimba wetu, anayesoma Veta,
akaja Isevya Jumapili na flashi ndogo kama kucha.
Dada, hii haidai. Inaitwa Linux.
Mume wangu, macho hayakutoka kwenye redio anayoifungua:
Rahisi huvunja upishi.

Haikuvunja kitu. Malongo aliigawa diski nusu kwa nusu.
Baba yetu aligeuza pointi za reli hapa Tabora,
pale njia inapopasuka, moja Mwanza, moja Kigoma;
alisema behewa halina kosa, kosa ni la mkono.
Sasa nikiwasha, kioo cheusi, mistari miwili,
na namba zinarudi nyuma kutoka kumi.

Upande wa Linux feni imenyamaza. Nilidhani imekufa.
Virusi vya flashi vinaingia, vinatazama huku na huku
kama wageni wasiojua lugha ya mjini; navifuta.
Ikitaka kujisasisha inaomba ruhusa, inangoja.
Na menyu, nilicheka peke yangu,
inasema Faili, Hariri, Mwonekano,
halafu katikati ya sentensi Kiswahili kinakatika, Kiingereza kinapokea.
Kuna mtu mahali aliketi akatafsiri mpaka usingizi ukamshika.
Simjui. Namshukuru.

Lakini nisifiche.
Jedwali la mvua la Mwalimu Mhoja lilihama ukurasa,
swali la saba likapanda mgongoni mwa la sita.
Mama Kwezi, aliniuliza, hii umeichapa gizani?
Kwezi mwenyewe aliukosa mchezo wake wa mpira, akasusa wali.
Na printa, ile ile ya soda, iligeukia ukuta.
Malongo alinisomea amri kwenye simu saa nzima:
mkwaju, nukta, nafasi, hapana dada, nafasi moja.
Ikatoa ukurasa mmoja.
Mtupu.

Watu huniuliza ipi bora.
Nami nawauliza: unamchapia nani,
na umeme wa mtaani kwako una adabu kiasi gani?
Mume wangu, aliyesema ya upishi,
namkuta usiku upande wa Linux akisoma michoro ya redio,
anapunguza mwanga wa kioo nikipita.

Mitihani ikikaribia, nashusha mshale kwenye Windows,
na lile deni la kijivu linakohoa pembeni.
Nitalilipa msimu wa asali, au nitaliacha, sijui.
Leo ni hesabu za madebe tu. Tatu, mbili,
sigusi kitu.
Printa bado imenuna.